Mwindaji wa Kasa Asifungiwe Mlango wa Darasa

Mwalimu yeyote aliyesomesha shule za msingi katika visiwa vya Lamu hana budi amekwisha kuikuta insha hii. Wanafunzi wameambiwa waandike juu ya chakula wanachokipenda. Wengi huandika wali wa nazi, mahamri kwa mbaazi, viazi vya karai, na siku hizi kuku na chipsi. Kisha hutokea mtoto mmoja, aghalabu mwana wa mvuvi, akaandika kwa furaha isiyofichika kwamba chakula akipendacho ni nyama ya kasa aipikavyo bibi yake. Mwalimu hushika kalamu nyekundu akapiga mstari, na pembeni akaandika: "Hili ni kosa la jinai." Mwaka ufuatao mtoto yule yule huandika kuku na chipsi. Amejifunza nini? Amejifunza kwamba ya nyumbani hayasemwi darasani, na kwamba insha njema ni ile isiyo na ukweli.

Sikusudii kutetea ulaji wa kasa. Nalisema hilo mapema ili msomaji asije akanihukumu kabla sijafika kituoni. Sheria ya Kenya inakataza kumwinda kasa, kumuua, kumla na hata kuyaokota mayai yake, nami naiunga mkono sheria hiyo kwa sababu nitakazozitaja. Ninachokipinga ni jambo jingine ambalo halimo katika sheria yoyote, nalo ni kwamba tulipoukataza uwindaji tulimfukuza na mwindaji, pamoja na kila alichokijua, na walioshika ufunguo wa mlango huo ni sisi walimu.

Nitatoa mfano wangu Ras Kitau, maana ndipo mahali ambapo mambo haya yote hukutana. Asiyepajua na ajue kwamba Ras Kitau ni ile ncha ya mchanga iliyo upande wa kusini-magharibi wa kisiwa cha Manda, ikitazamana na mji wa Shela. Baina yake na Shela umo mkondo wa bahari unaopitwa na kila chombo kitokacho Lamu kuelekea baharini kuu. Manda ni kisiwa kikavu. Zamani kilikuwa na miji, na magofu ya Takwa yangali yamesimama hata leo, lakini watu wake walihama katika karne ya 17, na tangu hapo wengi wa waliokwenda Manda walikwenda kwa shughuli tu: kukata mawe, kulima mashamba ya mvua, kuvua. Ufuo wake ulikuwa wa kimya na wa giza. Kwa sababu hiyo kasa waliupenda, na kwa sababu kasa waliupenda, wawindaji nao waliujua kama mtu ajuavyo ukumbi wa nyumba yake.

Kijana wa leo akisikia neno mwindaji humwona mtu mwenye bunduki nyikani. Mwindaji wa pwani yetu hakuwa huyo. Silaha zake zilikuwa chusa na kamba, jarife lililotegwa penye njia ya kasa, na zaidi ya vyote subira. Ilimpasa ajue kwamba kasa wa kawaida hula nyasi za bahari, kwa hiyo hutafutwa penye malisho. Na kwamba ng'amba, ambaye ni jamaa yake mwenye mdomo kama wa kasuku, hupenda penye miamba na matumbawe. Ilimpasa ajue kasa hukaa muda gani chini kabla ya kupanda kuvuta pumzi, na kichwa chake kinapotokeza maji ya saa hiyo yanampeleka upande gani. Usiku, ufuoni, alizisoma alama mchangani. Kasa wa kawaida hujivuta kwa mikono yake miwili ya mbele kwa pamoja, hivyo mburuzo wake huwa na alama zinazolingana kushoto na kulia. Ng'amba hutanguliza mkono mmoja kisha mwingine, kama mtoto atambaaye, na alama zake hupishana. Alama hizo humwonyesha mtu pia kama mnyama alipanda au alishuka, na kama alitaga au aligeuka njiani kwa kushtuka. Hiyo ni elimu ya viumbe, tena ile inayofundishwa vyuo vikuu.

Lakini katika njia zote za kumwinda kasa, iliyoushangaza ulimwengu ni ile ya kutumia chazo, ambaye wengine humwita taza. Huyu ni samaki mwembamba mwenye kitu mfano wa bamba la mistari juu ya kichwa chake, ambalo kwalo hujigandisha kwa papa au kwa kasa na kuchukuliwa bure popote mwenyeji wake aendako. Wavuvi wa mwambao walimkamata chazo angali hai, wakamfuga ndani ya maji, wakamfunga kamba penye shina la mkia. Kasa alipoonekana, chazo alirushwa upande wake. Akienda kugandama juu ya gamba, basi mvuvi alianza kazi ya kuivuta ile kamba kwa adabu, bila kukurupuka, maana aliyevuta kwa pupa alimpoteza kasa na chazo pia. Katika miaka ya 1880 Mwingereza Frederic Holmwood, aliyefanya kazi katika ubalozi wa nchi yake Unguja, aliona jambo hilo lastahili kuandikiwa wanazuolojia wa London. Karibu miaka 400 kabla yake, watu waliosafiri na Columbus walikuwa wamesimulia habari kama hizo kutoka visiwa vya Karibi. Na watu wa Mlango wa Torres, kaskazini mwa Australia, nao walikuwa na ufundi huo huo. Watu wa pande tatu za dunia, wasiojuana, waliutambua ujanja mmoja kwa kuitazama bahari kwa makini. Namwuliza mwalimu mwenzangu wa sayansi: umepata lini kuusimulia mfano huu ulipofundisha jinsi viumbe wanavyotegemeana? Bila shaka ulitoa mfano wa ndege na kifaru, kama ulivyo katika kitabu.

Tena biashara ya bidhaa zitokazo kwa viumbe hawa si ya jana. Kitabu cha mabaharia wa Kiyunani kiitwacho Periplus, cha karne ya kwanza baada ya Kristo, kinataja magamba ya kasa miongoni mwa bidhaa zilizotoka katika pwani hii, pamoja na pembe za ndovu. Kinataja pia jinsi watu wa kisiwa kimoja walivyowatega kasa kwa matenga penye milango ya maji. Kwa maneno mengine, Mswahili anapoingia katika maandishi ya ulimwengu kwa mara ya kwanza, anaingia akiwa na kasa mkononi.

Nije sasa kwenye chungu, kwani huko ndiko kulikozaliwa ile insha.

Kila mji una chakula cha kushibisha, na una chakula cha kuliwaza. Wali hushibisha. Lakini mtu akitoka safari ndefu, au akiinuka kitandani baada ya homa, au mvua ya kusi ikimfungia nyumbani siku tatu, hataki kushiba tu. Anataka kile alichopikiwa utotoni. Kwa Mwamu mmoja ni mkate wa mofa uliochovywa katika mchuzi wa papa. Kwa mwingine ni uji wa moto na kaimati. Kwa nyumba nyingi za wavuvi, tangu Shela hata Kizingitini na Kiunga, kilikuwa ni kasa. Nyumbani kwetu kasa alipikwa, nami sioni haya kulisema. Nyama yake ilitiwa chunguni na mafuta yake mwenyewe, yenye rangi ya kijani, ikatokota mchana kutwa kwa moto mdogo, pamoja na chumvi, ndimu na pilipili. Harufu yake ilivuka kuta, na kwa kuwa mnyama mmoja hawezi kumalizwa na nyumba moja, kila jirani alipata bakuli lake. Nadhani hilo ndilo lililowaliwaza watu zaidi ya nyama yenyewe. Siku ya kasa hapakuwa na mtaa uliolala njaa, na wanawake wawili waliokuwa hawasemezani walilazimika kusemezana, kwani bakuli likienda sharti lirudi, tena halirudi tupu.

Mafuta yaliyobaki yalitiwa chupani. Hayo yalikuwa dawa ya pumu, ya kifua na ya maumivu ya viungo, na wapo wazee wanaoapa hadi leo kwamba hakuna dawa ya hospitali inayoyashinda. Mimi si tabibu. Nasema tu kwamba imani ya namna hiyo haitoki kwa kubandika picha ya kasa anayetabasamu katika ukuta wa darasa.

Nayo rai za mtaani ni nyingi kuliko vyombo bandarini. Keti barazani baada ya sala ya alasiri, utaje kasa, kisha unyamaze usikilize. Mmoja atasema kasa ni riziki ya Mungu na bahari haina mwenyewe. Wa pili atakumbusha kwamba wanazuoni wenyewe walikhitilafiana juu ya kiumbe aishiye majini akataga nchi kavu, na kwamba mwenye hadhari hujiepusha. Wa tatu, ambaye ana mwana aliyeajiriwa hotelini, atasema watalii wanakuja kumtazama kasa akiwa hai, basi akiwa hai ana faida kubwa zaidi. Wa nne atacheka. Atauliza: mbona huyo mtalii nyumbani kwake hali majani? Na swali la huyu wa nne ndilo ambalo halijibiwi kamwe shuleni.

Swali hilo lina uzito wake. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, aliteremka Mombasa, akaingia bara pamoja na mwanawe Kermit. Wawili hao waliua wanyama zaidi ya 500, wakiwamo ndovu, simba na vifaru. Huo uliitwa mchezo na utafiti. Mwafrika aliyempiga paa kwa mshale katika miaka hiyo hiyo aliitwa jangili. Huko London, supu ya kasa ilikuwa fahari ya karamu za Meya wa jiji, na kasa walipakiwa hai merikebuni kutoka bahari za mbali ili waheshimiwa wapate kijiko cha mafuta yale yale ya kijani ambayo kwetu yalitiwa chupani kwa ajili ya kikohozi. Waliowapunguza kasa wa dunia ni wengi, na mvuvi wa Shela ni mdogo miongoni mwao.

Kisha likaja katazo. Mwezi Mei 1977 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji wote nchini. Mwaka 1979 Hifadhi ya Bahari ya Kiunga ikatangazwa, kaskazini mwa visiwa vyetu. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013, ilipoanza kutumika Januari 2014, iliweka kwa makosa yanayohusu viumbe walio katika hatari ya kutoweka faini isiyopungua shilingi milioni 20, au kifungo cha maisha. Mwenye akili na apige hesabu: mvuvi mwenye mtumbwi mmoja atauza samaki wa umri wa watu wangapi ndipo azipate milioni 20?

Ng'ambo ya pili, bara ya Lamu, katazo hilo liliwaangukia watu kwa uzito mkubwa zaidi. Nawakusudia Waaweer, ambao sisi huku tumezoea kuwaita Waboni, wakaazi wa vijiji kama Bargoni, Basuba na Mangai. Hao walikuwa wawindaji na warina asali, nao si wavuvi walioweza kurudi kwenye changu na tewa kasa alipokatazwa. Uwindaji ulikuwa ndio maisha. Misitu yao ilifanywa hifadhi za Boni na Dodori mwaka 1976, mwaka mmoja kabla ya katazo, na tangu 2015 operesheni za usalama ziliufanya msitu wa Boni uwe mahali pa kuogopwa hata kwa mrina asali. Mtoto wa Kiaweer hufika darasani akafundishwa kwamba babu yake alikuwa adui wa mazingira, ilhali msitu huo ungalipo hadi leo kwa kuwa waliokaa ndani yake karne na karne hawakuufyeka. Sijui mwalimu hutumia uso gani kulifundisha somo hilo.

Pamoja na hayo yote, narudia kwamba katazo la kasa ni la haki, na ni wajibu wetu kuwaeleza wanafunzi sababu zake kwa hoja kamili. Ya kwanza ni hesabu. Kasa jike hutaga mayai yapatayo 100 au zaidi katika shimo moja. Mayai hukaa mchangani kiasi cha miezi miwili. Vifaranga hutoka usiku, wakaliwa na kaa, na ndege, na samaki, na wachache mno ndio wanaofika utu uzima. Huo utu uzima wenyewe waweza kuchukua miaka 20, 30 au hata zaidi. Kwa hiyo anayemchinja jike aliyepanda ufuoni Ras Kitau amemchinja mnyama aliyeanza safari yake kabla ya mwanafunzi wa leo kuzaliwa. Kuku huweza kurudishwa kwa mwezi mmoja na nusu. Kasa hulipwa kwa kizazi kizima.

Sababu ya pili ni ya msiba, nayo haisemwi vya kutosha. Nyama ya kasa, hasa ya ng'amba, mara nyingine huwa na sumu. Wataalamu wanadhani chanzo chake ni mimea midogo ya baharini yenye sumu ambayo mnyama huila yeye au huliwa na vile anavyovila. Sumu hiyo haiondolewi kwa kuchemsha, haina dawa ya kuivunja, haionekani kwa jicho wala kwa ulimi, na huweza kumfikia mtoto mchanga kwa maziwa ya mama yake. Novemba 2021 watu 7 walifariki kisiwani Pemba kwa kula nyama ya kasa, mmoja wao mtoto wa miaka mitatu. Machi 2024, katika Kisiwa Panza huko huko Pemba, walikufa watoto 8 na mtu mzima mmoja, na wengine 78 wakalazwa hospitali. Hao ni ndugu zetu wa lugha moja, wenye chungu kama chungu chetu. Chakula walichogawiana kwa mapenzi, bakuli kwa bakuli, ndicho kilichowaua, na kule kugawiana ndiko kulikoieneza mauti kutoka nyumba hadi nyumba. Mwanafunzi akisimuliwa habari ya Panza hatahitaji kutishwa kwa polisi.

Na ipo habari njema pia, ambayo mwalimu asiifiche. Mwezi Oktoba 2025 shirika la IUCN, linaloorodhesha viumbe walio hatarini duniani, lilimtoa kasa wa kawaida katika daraja ya walio hatarini, kwa kuwa ulinzi wa miongo kadhaa katika nchi nyingi umezaa matunda. Ng'amba bado yumo katika daraja ya hatari kubwa kabisa. Watakuwapo watakaosema, "Basi kasa amerudi, turudishe na chungu." Hapo ndipo elimu ya kukariri inapomwangusha mtu. Aliyefundishwa tu kwamba "kasa asiliwe kwa kuwa anakwisha" hatakuwa na jibu. Aliyefundishwa hesabu ya miaka 30, na habari ya sumu, na ya kwamba kasa wa dunia nzima si lazima wawe wengi Lamu, atakuwa nalo.

Lipo na jambo la taa, nami siwezi kulipita. Nimesema ufuo wa Manda ulikuwa wa giza. Leo ukisimama Shela usiku ukatazama ng'ambo, utaona majumba yamejipanga tangu Ras Kitau na kuendelea, na mengi yana taa zinazotazama bahari. Kifaranga cha kasa kinapotoka mchangani huufuata mwanga, kwa kuwa tangu kuumbwa kwake upande wenye mwanga usiku ulikuwa ni upande wa bahari. Akiona taa ya baraza nyuma yake, huenda huko, na jua likichomoza humkuta amekauka kichakani. Kasa jike naye akiona mwanga na makelele hugeuka akarudi majini bila kutaga. Nimepata kusikia ya mvuvi aliyekamatwa kwa ajili ya kasa. Ya taa kufikishwa mahakamani sijapata kuyasikia. Siwalaumu wenye majumba wote. Wapo wanaozizima taa zao na wapo wanaoshirikiana vyema na wahifadhi. Lakini mtoto wa mvuvi si kipofu. Akiona kisu cha baba yake kimekatazwa na taa ya tajiri imeachwa, hatasadiki ya kwamba sheria hiyo ni kwa ajili ya kasa.

Vivyo hivyo kwa bandari. Mnamo mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya ujenzi wa bandari mpya, na gati la kwanza likafunguliwa Mei 2021. Ushahidi wa kesi ile ulitoka kwa nani? Ulitoka kwa watu wanaoyajua malisho ya samaki, mikondo na miamba kwa majina. Elimu ya mvuvi ilipohitajika mahakamani ilipewa kiti. Shuleni haijapewa hata mkeka. Asiyekuwapo na lake halipo, walinena wahenga.

Wakati mmoja nilifanikiwa kuwavusha wanafunzi wachache kutoka Shela hadi Ras Kitau, tukiwa na mzee mmoja aliyewahi kuwinda kasa katika ujana wake. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mwanzoni aliona haya mbele ya sare za shule. Mwanafunzi mmoja, msichana, akamwuliza:

"Babu, mlikuwa mkiwakamata kwa mikono?"

"La, mwanangu," akajibu, na kwa Kiamu chake akaongeza: "Kasa huwindwa kwa mato."

Yaani kwa macho. Kisha akawaonyesha. Palikuwa na mburuzo wa usiku uliopita ambao sisi sote tulikuwa tumekwisha kuupita bila kuuona, mimi nikiwa mbele. Akawauliza ulikuwa wa nani, ulipanda au ulishuka, shimo la kweli ni lipi na la kuzuga ni lipi, kwani kasa jike huvuruga mchanga mahali pakubwa ili kuyaficha mayai. Walibishana kwa nusu saa, na sijapata kuona darasa langu likibishana namna ile juu ya jambo lolote. Mwishoni mzee alichomeka kijiti pembeni ya shimo la kweli, akaniambia, "Mwalimu, hapa paitiwe watu wa ulinzi." Yule aliyekuwa akisoma alama ili achinje, alizisoma zile zile ili kulinda. Hakuongezewa elimu yoyote mpya. Watu wanaohifadhi viota vya kasa Shela na Manda wanalijua hilo, ndiyo sababu kwa miaka mingi wamekuwa wakimlipa mvuvi anayeripoti kiota. Na huko Watamu, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, mvuvi anayemtoa kasa wavuni na kumrudisha baharini hulipwa kifuta jasho. Wahifadhi wametutangulia sisi walimu.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kujaribiwa mwaka 2017, unatuhimiza tuwatumie wazazi na jamii katika mafunzo. Tumewatumia wazazi kwa kuwaagiza walete maboksi matupu na gundi. Ningependa waalikwe na wazee. Mwalimu wa Kiswahili awatume wanafunzi wakakusanye maneno: majina ya kasa kwa umri wake, majina ya nyavu, ya kamba, ya sehemu za nyama na za gamba, ya miamba iliyopo baina ya Ras Kitau na bahari kuu. Mengi katika hayo hayamo katika kamusi, na kila mzee anayezikwa huzikwa na ukurasa. Mwalimu wa sayansi achukue alama za mchangani. Mwalimu wa historia na uraia achukue Roosevelt na supu ya London, na sheria ya 2013, awaache wanafunzi wajadiliane kama wanaume wa barazani, ila kwa ushahidi. Yule mtoto wa insha naye aandikiwe pembeni, kwa kalamu hiyo hiyo nyekundu: "Mwulize bibi alikuwa akimpikaje, kisha umsimulie habari ya Panza."

Watakaopinga watasema tutawafundisha watoto ujangili. Hofu hiyo naielewa, lakini anayetaka kumuua kasa leo hahitaji darasa. Anahitaji wavu wa nailoni na usiku mmoja. Wengine watataja gharama. Shule za bara hukodi mabasi kwenda Tsavo kutazama ndovu kwa mbali kupitia dirishani. Kutoka Shela hadi Ras Kitau ni mwendo mfupi wa mashua, na mzee wa kuwaongoza wanafunzi angalipo, ingawa si wengi waliobaki. Ila safari ipangwe kwa maji na ianze alfajiri, kabla upepo wa kusi haujashika, maana ukishavuma saa mbili tatu alama zote za usiku huwa zimefutika mchangani.